Kabla Kinena Hakijavimba

Mwanamume mwenye saratani ya uume huenda hospitali kwa ajili ya kidonda. Kinachoamua kama atapona kiko pembeni kidogo, kinenani, ndani ya tezi ndogo kama harage ambazo wala hazimuumi. Uume wenyewe daktari wa upasuaji anaumudu: ataondoa sehemu, au wote ikibidi, na ugonjwa ukaisha pale ulipoanzia. Lakini chembe za saratani zikiwa zimekwisha kupanda kwenye tezi za kinena na zikaachwa huko, mgonjwa atarudi baada ya miezi na uvimbe uliopasuka, unaonuka na kuvuja damu, na hapo hata hospitali kubwa huwa haina mengi ya kumpa.

Swali gumu linawahusu wale ambao kinena chao, daktari akikipapasa, hakina kitu. Kwa muda mrefu madaktari waligawanyika. Wako waliosema wote wafunguliwe, tezi zitolewe pande zote mbili, yaishe. Wako waliosema tungoje, atakayevimba atarudi. Kila upande ulikuwa na majeruhi wake. Kati ya wanaume watano ambao saratani yao imeshachimba ndani lakini kinena ni kitupu kwa mkono, mmoja hivi, pengine na zaidi kidogo, ana chembe zilizojificha. Kuwafungua wote ni kuwapasua wanne bure ili kumwokoa wa tano, na upasuaji wenyewe si wa mchezo. Kidonda cha kinena hufunga kwa shida, ngozi yake huweza kufa, maji hujaa chini ya mshono, na mguu huweza kuvimba kama wenye matende kwa maisha yote. Taarifa za zamani zinataja matatizo ya namna hiyo kwa karibu nusu ya waliopasuliwa. Mkulima wa tumbaku wa Urambo mwenye mguu wa hivyo hapigi tena tuta.

Kungoja nako kuna bei. Madaktari wa Amsterdam walichapisha mwaka 2005 ulinganisho wa wagonjwa 40 ambao saratani ilikuwa imefika kinenani: 20 walitolewa tezi mapema, zingali hazipapasiki, na 20 walisubiriwa hadi zikavimba. Miaka mitatu baadaye, asilimia 84 ya kundi la kwanza walikuwa hawajauawa na ugonjwa huo. La pili, asilimia 35. Wagonjwa ni wachache, lakini pengo ni pana mno kulifumbia macho.

Njia ya tatu ilitoka Paraguay, jambo la kuwakumbusha wanaodhani kila fikra ya tiba huzaliwa London au Boston. Mwaka 1977 Daktari Ramón Cabañas alichapisha kazi aliyoifanya kwa wagonjwa 100, wengi wao wakiwa na saratani ya uume. Aliingiza kwenye mishipa ya limfu, majimaji ya mwili yanayopita kwenye tezi hizo, dawa inayoonekana kwa eksirei, akaifuata inakokwenda. Aliona kwamba limfu haitawanyiki ovyo kinenani. Inatua kwanza kwenye tezi fulani, kisha ndiyo inaendelea kwingine. Tezi hiyo akaiita mlinzi. Hoja yake ilikuwa nyepesi na kali: saratani ikitaka kupanda haina budi kupita kwa mlinzi kwanza, mtoe mlinzi peke yake, mchunguze chini ya hadubini, na ukimkuta safi basi walio nyuma yake ni safi, mgonjwa aachiwe kinena chake. Fikra hiyo leo inajulikana zaidi kwa saratani ya matiti, na wengi wanaoitumia huko hawajui kwamba kanuni yake ilijengwa juu ya uume.

Cabañas alikosea mahali pamoja. Alidhani mlinzi anakaa mahali palepale kwa kila mtu, kama nyumba yenye namba. Madaktari waliomfuata walikata pale alipoelekeza, wakapewa majibu safi, kisha baadhi ya wagonjwa wakarudi na vinena vilivyovimba. Njia ikaachwa. Ilifufuka miaka ya 1990, baada ya Donald Morton na wenzake wa California kuonyesha mwaka 1992, kwenye saratani ya ngozi, kwamba njia ya limfu itafutwe upya kwa kila mgonjwa kwa kudunga rangi ya buluu. Hospitali ya saratani ya Amsterdam, chini ya Simon Horenblas, ilianza kuitumia kwa uume mwaka 1994, ikaongeza dawa yenye mnururisho.

Kazi yenyewe huenda hivi. Mgonjwa hudungwa kiasi kidogo cha teknetiamu, iliyofungwa kwenye chembechembe za protini, ndani ya ngozi kandokando ya kidonda. Kamera maalumu humpiga picha baada ya dakika chache na tena baada ya saa kadhaa, na daktari huchora alama kwenye ngozi pale mnururisho unapokusanyika. Vinena vyote viwili hutazamwa, kwa sababu uume uko katikati na limfu yake haichagui upande. Katika chumba cha upasuaji hudungwa rangi ya buluu, kisha kifaa chenye umbo la kalamu nene hupitishwa juu ya kinena, kikilia kwa kasi kadiri kinavyokaribia. Mkato ni wa sentimita mbili tatu. Hutoka tezi moja, mbili au tatu. Mtaalamu wa patholojia huzikata vipande vyembamba kwa ngazi nyingi, maana kinachotafutwa chaweza kuwa kundi la chembe dogo kuliko punje ya chumvi.

Hata hivyo, miaka ya mwanzo Amsterdam ilikosa karibu mgonjwa mmoja kati ya kila watano waliokuwa na saratani kinenani: mlinzi alikutwa safi ilhali ugonjwa ulikuwepo. Sababu mojawapo msomaji wa Tabora ataielewa haraka kuliko wengine, kwa kuwa historia yake inayo mfano. Mwaka 1871 msafara wowote uliotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ulipaswa kupita Unyanyembe, eneo la Tabora, kisha kushika njia ya magharibi. Mwaka huo mtawala Mirambo wa Urambo aliifunga njia. Mwezi Agosti watu wake waliingia Tabora yenyewe, wakamuua mfanyabiashara Khamis bin Abdallah na kuchoma sehemu ya mji. Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, hakupita magharibi. Alizunguka kusini, akafika Ujiji kwa mlango mwingine. Mtu ambaye angeketi kwenye njia ya kawaida siku zile akihesabu wapitao, angeandika kwamba hakuna msafara uliokwenda ziwani. Tezi iliyojaa saratani hufanya kazi ya Mirambo. Huziba, limfu hugeuka na kutafuta tezi ya jirani, na dawa iliyodungwa huifuata limfu hiyo hadi kwa mlinzi wa bandia, ambaye ni safi kweli.

Amsterdam walijirekebisha. Walianza kila mgonjwa kwa picha ya mawimbi ya sauti ya kinena, ile ultrasaundi ya kawaida, na tezi yoyote yenye sura ya shaka walichoma sindano wakavuta chembe za kupima. Tezi walizozitoa walizikata vipande vingi zaidi. Kinena kisichotoa ishara yoyote walikifungua hata hivyo, wakapapasa kwa kidole ndani ya jeraha. Mwaka 2009 wao na wenzao wa hospitali ya St George's ya London walitoa hesabu ya wagonjwa 323: saratani iliyopita bila kuonekana ilishuka hadi asilimia 7, na matatizo ya upasuaji hadi asilimia 4.7. Linganisha na ile nusu ya zamani.

Funzo la Mirambo lina upande wa pili, nao ndio unaotuhusu zaidi. Njia ya tezi mlinzi haimfai mwanamume ambaye kinena kimekwisha vimba kwa saratani. Kwake njia imeshafungwa, ishara haziaminiki, na anahitaji upasuaji kamili. Teknolojia yote hii ni ya mtu anayefika mapema.

Saratani nyingine za mfumo wa mkojo na uzazi wa kiume nitazipitia kwa haraka, kwani kwenye nyingi tezi mlinzi bado ni majaribio. Kwa tezi dume, Wajerumani wa Augsburg walianza mwishoni mwa miaka ya 1990, lakini limfu yake hutiririkia sehemu nyingi za nyonga na mara nyingine nje ya eneo ambalo wapasuaji hulisafisha. Imesaidia kuonyesha ramani kuliko kupunguza upasuaji. Kwa kibofu, anayetolewa kibofu husafishwa tezi za nyonga kwa mkato uleule, hivyo kuchagua moja hakumwokoi na chochote. Figo humwaga limfu kwa njia zisizotabirika, hata moja kwa moja kwenye mrija mkuu wa kifua. Uume umebaki kuwa kiungo kinachofaa kuliko vyote: uko nje, ngozi yake inadungika, tezi zake zinafikiwa kwa mkono, na ugonjwa wake hupanda kwa hatua, kinena kwanza, nyonga baadaye, na ni nadra kuruka. Kwa wakazi wa Kanda ya Ziwa hili la kibofu linauma kidogo, maana saratani ya kibofu inayofuatana na kichocho ni mzigo wao mkubwa: katika mapitio ya wagonjwa 185 wa hospitali ya Bugando, Mwanza, yaliyochapishwa 2013, zaidi ya nusu walikuwa na aina ya squamosa, ileile inayoshambulia uume. Tezi mlinzi haitawasaidia hao. Dawa ya kichocho shuleni itasaidia.

Basi saratani ya uume ina uzito gani kwetu? Ulaya ni ugonjwa wa nadra. Afrika Mashariki ina historia nyingine. Uganda ya miaka ya 1960 iliihesabu kuwa saratani iliyogunduliwa zaidi kwa wanaume. Sebastian Kyalwazi, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, alichapisha mwaka 1966 mapitio ya wagonjwa 153 waliolazwa pale. Watafiti wa Kampala wakati huo walichora ramani za nchi nzima na kuona tofauti zilizofuata mila: Wagisu, wanaotahiri, waliugua kwa nadra, kwa makabila yasiyotahiri mambo yalikuwa mengine. Ugonjwa ulipungua Uganda baadaye, lakini haukwisha katika ukanda wa maziwa. Mwaka 2015 Phillipo Chalya na wenzake wa Bugando, Mwanza, walitoa mapitio ya miaka kumi yenye wagonjwa 236. Wengi walikuwa hawajatahiriwa, na wengi walifika ugonjwa umeshasonga mbele. Umri wa kati ulikuwa miaka arobaini na kitu. Huko Ulaya ni ugonjwa wa wazee wa sitini na kuendelea. Hawa ni baba wenye watoto shuleni.

Bugando ndiyo hospitali ya rufaa ambayo Tabora na Kigoma zimekuwa zikiitegemea kwa miaka mingi, na njia ya zamani ya misafara inajieleza ndani ya takwimu hizo za wasiotahiriwa. Wanyamwezi na Wasukuma hawakuwa na mila ya jando. Tohara iliingia na misafara, pamoja na Uislamu, kanzu na Kiswahili, ikashika mizizi mahali misafara ilipotua: Tabora mjini, Ujiji, na vituo vya kati. Mpagazi aliyefika pwani akasilimu alirudi ametahiriwa. Ndugu yake aliyebaki kijijini Ulyankulu au Sikonge hakuona haja. Kwa hiyo mkoa mmoja una familia ambazo mtoto wa kiume hutahiriwa mdogo kabisa, na familia, mwendo wa saa chache kwa baiskeli, ambazo babu, baba na mjomba wote wana govi. Govi lenyewe si ugonjwa. Hatari huongezeka pale lisipofunguka, uchafu na uvimbe wa kudumu ukakaa chini yake, na zaidi vikikutana na kirusi cha HPV, na VVU, na sigara. Hapo Tabora ina kejeli yake: mkoa unaoongoza kwa kulima tumbaku una sababu ya ziada ya kuwashauri wanaume wake wasiivute.

Serikali ilipoanza kampeni ya tohara ya hiari kupunguza maambukizi ya VVU, kuanzia mwishoni mwa muongo wa 2000, Tabora iliwekwa miongoni mwa mikoa ya kipaumbele. Vijana walijitokeza. Wanaume wazima walisitasita kiasi kwamba watafiti walifanya majaribio Njombe na Tabora, yaliyochapishwa 2017, ya namna ya kuwavuta. Haya ina nguvu: mzee hapendi kupanga foleni na wajukuu akingojea kutahiriwa na muuguzi wa kike. Hapa nitasema jambo ambalo mabango huwa hayalisemi. Tohara ya utotoni huzuia saratani ya uume karibu kabisa; tohara ya mtu mzima kinga yake dhidi ya saratani hiyo ni ndogo zaidi, kwani miaka ya madhara imeshapita. Mtoto wa Igunga aliyetahiriwa mwaka 2012 atavuna akiwa na miaka hamsini. Baba yake bado yuko hatarini, na huyo baba ndiye mgonjwa wa sasa hivi na wa miaka ishirini ijayo. Chanjo ya HPV, iliyoanza nchini kote mwaka 2018, hupewa wasichana. Wavulana hufaidika kwa mzunguko, tena polepole.

Sasa turudi kwenye tezi, tukiwa na mgonjwa huyo mkononi. Je, njia ya Amsterdam inaweza kufanyika Tabora?

Kikwazo cha kwanza ni saa. Teknetiamu hupoteza nusu ya nguvu zake kila baada ya saa sita. Huzalishwa kutoka kwenye molibdenamu, ambayo nayo hupungua nusu kila saa 66, na inayotengenezwa katika vinu vichache duniani; kimojawapo kiko Pelindaba, Afrika Kusini. Chombo cha kutolea teknetiamu hununuliwa, husafirishwa kwa ndege, hutumika siku chache, kisha huhitajika kingine. Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ina huduma hiyo ya tiba ya nyuklia. Tuseme dawa iliyoandaliwa hapo asubuhi ipandishwe treni ya zamani ya reli ya kati, zaidi ya kilomita 800 hadi Tabora, safari ya siku nzima ikienda vizuri. Ikishuka stesheni imebaki sehemu moja ya kumi na sita. Kwa ndege itafika na nguvu, lakini itamkuta nani? Kamera haipo, kifaa cha kulia hakipo, na daktari aliyewahi kukishika huenda yuko Dar es Salaam ilikotoka dawa.

Kikwazo cha pili hutajwa kidogo, nami naona ndicho kikubwa: mkono hujifunza kwa wingi wa kazi. Uholanzi na Uingereza ziliwakusanya wagonjwa wa saratani ya uume kwenye vituo vichache, kwa sababu daktari anayefanya vinena vitatu kwa mwaka atakosea kama Amsterdam ya mwanzo, tena bila kujua kwamba amekosea. Kununua vifaa na kuvigawa kila hospitali ya mkoa kungetupa picha nzuri za uzinduzi na majibu mabaya. Kama nchi itaianzisha njia hii kwa uume, iwe mahali pamoja au pawili, Dar es Salaam na pengine Mwanza, na wagonjwa wote wapelekwe huko. Kuna njia mpya zisizohitaji kinu cha nyuklia: rangi ya kijani inayong'aa mbele ya kamera maalumu, ingawa haionekani ikiwa tezi iko chini zaidi ya sentimita moja hivi, na chembe za chuma zinazotafutwa kwa kifaa cha sumaku. Zote zimeanza kutumika au kujaribiwa Ulaya. Hiyo ya chuma inafaa kufuatiliwa, kwa kuwa haiozi njiani.

Vipi rangi ya buluu peke yake? Ni rahisi, na kwenye matiti hospitali nyingi zenye uwezo mdogo duniani huitumia hivyo. Kwa uume nisingeishauri kuwa msingi wa kumwambia mtu kinena chako ni salama. Bila mnururisho unakata ukitafuta mshipa mwembamba wa buluu ndani ya mafuta, vinena viwili, na ukikosa hujui umekosa nini.

Kilicho ndani ya uwezo wa Tabora ni ile sehemu ya njia ya Amsterdam iliyoongezwa baadaye kurekebisha makosa: ultrasaundi na sindano. Mashine ya ultrasaundi ipo hospitali ya Kitete, ipo ya Nkinga, ipo hospitali nyingi za wilaya, ikitumika kutwa nzima kwa wajawazito. Sindano ya kuvuta chembe na kioo cha kupakia ni vya bei ya chini. Vikitumika pamoja kwa kila mwanamume mwenye saratani ya uume, vitawakamata baadhi ya wale ambao kidole hakiwaoni, na vitawatenga wale ambao kidole kinawasingizia. Maana huku kwetu kinena husingiziwa sana. Daktari kijana akimuuliza mgonjwa, "Shikamoo mzee, una mitoki?" hujibiwa, "Marahaba. Ninayo tangu ujana, mwanangu." Na ni kweli. Vidonda vya miguu, magonjwa ya zinaa, kifua kikuu na VVU vyote huvimbisha tezi za kinena. Zamani ilielekezwa kwamba mgonjwa mwenye mitoki na saratani ya uume apewe antibayotiki wiki nne hadi sita, kisha apapaswe tena. Miongozo ya sasa imeliacha jambo hilo: choma sindano sasa hivi. Wiki sita kwa mtu wa kijijini huwa miezi sita, na huenda asirudi.

Sindano haitoshi kwa yule aliye safi kwa mkono na kwa ultrasaundi lakini saratani yake ni kali. Chembe chache zilizojificha sindano huzikosa. Kwake, mahali pasipo na teknetiamu, kuna upasuaji uliopunguzwa, uliopendekezwa na William Catalona wa Marekani mwaka 1988: mkato mfupi, eneo dogo, mshipa mkubwa wa damu chini ya ngozi ya paja huachwa, na matatizo hupungua, ingawa hayaishi. Daktari wa upasuaji aliyefundishwa vizuri anaumudu. Si mzuri kama tezi mlinzi, lakini ni bora kuliko kumwambia mgonjwa nenda nyumbani, utarudi ukivimba.

Lakini nani saratani yake ni kali? Hapa ndipo, kwa maoni yangu, mnyororo hukatika mapema kuliko tunavyokiri. Uamuzi wa kinena hutegemea karatasi ya patholojia ya uume: saratani imechimba kina gani, chembe zake zimeharibika kiasi gani, imeingia kwenye mishipa au la. Iliyo juu juu na tulivu, kinena huweza kufuatiliwa tu. Iliyochimba au yenye chembe kali, kinena kishughulikiwe hata kama ni kitupu. Sasa mahali popote ambapo kiungo hukatwa na hakipelekwi maabara, kwa kukosa formalini, kwa ndugu kushindwa kulipia, kwa kontena kupotea kwenye basi, mgonjwa yule amepoteza haki ya kuamuliwa. Hata gwiji wa Amsterdam akimkuta hatajua amweke kundi gani. Kabla ya kuzungumzia kamera za mnururisho, nchi ingepata zaidi kwa kuhakikisha kila kinyama na kila kiungo kinasafiri ndani ya formalini ya kutosha, na majibu yanarudi kabla mgonjwa hajatoweka.

Barua ya rufaa nayo. Ya kutoka kituo cha afya kwenda Kitete au Bugando huandika "kidonda sehemu za siri, muda mrefu, hakiponi kwa dawa." Nyuma ya maneno "muda mrefu" kuna safari inayofanana kwa wengi: duka la dawa, sindano za kaswende bila kipimo, mganga, dawa ya kupaka, aibu kwa mke, kisha damu. Mistari miwili zaidi ingebadili mengi: govi linafunguka au la, na kila kinena kikoje, kulia na kushoto, tarehe gani. Timu za tohara zinaweza kusaidia zaidi ya zinavyodhaniwa. Kabla ya kumtahiri mtu humkagua, na mwenye kidonda au uvimbe hatahiriwi siku hiyo, hupewa rufaa. Kwa miaka hii zimekuwa miongoni mwa watu wachache wanaotazama uume wa mwanamume mzima asiye mgonjwa, vijijini Uyui na Kaliua. Kila govi gumu la mtu wa miaka arobaini lililopita mezani kwao lilikuwa nafasi ya kumkamata mtu miaka mitano kabla ya Bugando.

Kisha kuna wale watakaoachwa na vinena vyao, iwe kwa hekima ya patholojia au kwa ukosefu wa njia. Sehemu kubwa ya saratani inayorudi kinenani hufanya hivyo ndani ya miaka miwili ya kwanza, na miongozo inataka mgonjwa akaguliwe kila baada ya miezi mitatu kwa muda huo. Kutoka kijiji cha Sikonge hadi Mwanza na kurudi, zaidi ya kilomita 300 kila upande kutoka Tabora mjini peke yake, ni safari nane. Nauli yake yaweza kumaliza malipo ya marobota kadhaa ya tumbaku, na tarehe za kliniki haziangalii msimu wa kukausha jani wala mvua. Ni kazi ambayo tabibu wa kituo cha afya anaweza kufundishwa: apapase vinena vyote viwili, apime kwa rula, aandike, apeleke ultrasaundi ya wilaya penye shaka, apige simu Bugando. Hili halihitaji mashine mpya hata moja. Linahitaji jina la mgonjwa liwe kwenye orodha ya mtu fulani, na huyo mtu awe na mshahara wa kulifuatilia asipotokea mwezi wa tatu.